Lita Tatu za Mkonga

Ndoo ya Meshack Madeha ilikuwa ya plastiki nyeupe inayopitisha mwanga, na ubavuni ilikuwa na mistari iliyochorwa kwa msumari wa moto. Aliichora mwenyewe. Alichukua chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, akaijaza, akaimimina ndooni, akachora mstari. Akajaza tena, akachora tena, mpaka ndoo ikawa na mistari ishirini na minne iliyopandana kama ngazi. Katika gereji za wazi za Chang'ombe, pale Dodoma mjini, ambako fundi hutia oili kwa jicho na kumaliza kwa kusema "hapo hapo inatosha", ndoo ile ilikuwa kichekesho cha kila siku.

"Mama uji!" walimwita. "Mama uji, leo umepima vikombe vingapi?"

"Vinne na robo," Meshack alijibu bila kuinua kichwa. "Na wewe uliyetia vitano, mwambie mwenye gari atafute sili ya nyuma mapema, maana ya sasa itavujisha."

Alizaliwa Mpwayungu, mtoto wa nne wa mkulima wa mtama, akaja mjini na cheti cha darasa la saba na mikono isiyoogopa grisi. Kosa lililomfundisha kazi alilifanya akiwa na miaka ishirini na miwili. Aliijaza giaboksi ya lori la alizeti kwa kukisia, ikapungua lita nzima, gia zikasagana zote njiani. Mwenye lori, mzee wa watoto tisa, aliketi chini kando ya gari lake akalia mbele za watu. Tangu siku ile, gari likimfikia Meshack kwa mara ya kwanza, hakulitia tone mpaka ajue injini inabeba ngapi, giaboksi ngapi, difu ngapi, rejeta ngapi.

Na magari ya kwetu si magari ya kuuliza kitabu. Yamezeeka kwenye nchi za watu, kisha yakaletwa hapa kuzeeka upya. Kitabu cha gari kimeandikwa Kijapani au kimepotea. Injini imeng'olewa ikafungwa nyingine. Kijiti cha kupimia oili ni cha gari jingine kabisa. Ukiingia mtandaoni utapata namba za gari lilivyotoka kiwandani, lakini gari lile la kiwandani halipo tena. Lililo mbele yako limepandikizwa moyo, na hakuna aliyeandika ni moyo wa nani.

Alipofikisha miaka arobaini na minane, chuo cha uuguzi cha Chilonje, nje kidogo ya mji, kilimwita. Kilikuwa na magari sita na kilitaka fundi wa kudumu. Masharti yalikuwa miezi mitatu ya majaribio, kisha barua ya ajira, na pamoja na barua, bima ya afya kwake na kwa mkewe.

Mkewe, Loisi, alikuwa na kisukari cha kuchoma sindano. Kuna wiki dawa ilikuwepo na kuna wiki haikuwepo, na wiki ambazo haikuwepo Loisi alilala mchana na kusema ni joto tu. Meshack alimweleza habari ya bima. Loisi alichukua nguo za kazi za mumewe, akazifua, akazipiga pasi. Suruali ya gereji ilinyooshwa siku ile mpaka ikasimama yenyewe. Kuanzia hapo nyumba nzima iliishi ikiisubiri barua.

Kati ya magari sita ya chuo, moja lilikuwa refu, la zamani, lenye bomba la hewa linalopanda ubavuni mpaka usawa wa paa, aina ambayo watu huiita Mkonga. Mara mbili kwa mwezi Mkonga lilibeba wauguzi na sanduku la baridi la chanjo kwenda vijiji vya Kondoa, mpaka Busi. Dereva wake, Optatus, alikuwa mtu wa huko huko Kondoa, mwembamba, mwenye kofia ya sufi hata wakati wa jua kali, na alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu astaafu.

"Shikamoo, mzee Optatus," Meshack alimwamkia siku ya kwanza.

"Marahaba, fundi. Wewe ni wa tano. Nimewazika wanne na gari hili bado linatembea."

"Wamekufa?"

"Wamefukuzwa. Hapa chuoni ni kitu kile kile."

Wakacheka, na kuanzia hapo wakaelewana. Meshack alifungua bolti ya chini injini ikiwa bado ina moto, akaiacha oili ichuruzike mpaka tone la mwisho. Akaitazama ndoo: lita sita na nusu. Akaitazama kadi ya matengenezo, karatasi ngumu iliyotoka stoo pamoja na madumu mawili ya oili mpya ya lita tano tano. Kadi ilisema: injini, lita kumi.

Akachutama kando ya gurudumu, akafikiri. Kama injini inabeba kumi na imekuwa ikitembea na sita na nusu, ingekuwa imeshakufa zamani. Chini hakukuwa na alama ya kuvuja. Moshi haukuwa wa bluu. Aliposikiliza ilivyounguruma kabla ya kuimwaga, hakusikia beringi zikigonga. Injini ilikuwa na afya, na injini yenye afya haiwezi kuwa imekosa theluthi ya oili yake.

"Mzee, injini hii ni yake?"

"Yake wapi! Ile ya kwanza, ya silinda sita, ilifia Haneti miaka kumi na moja iliyopita. Wakaleta hii ya silinda nne kutoka Dar es Salaam, imefungwa kamba nyuma ya lori kama mbuzi wa sikukuu."

"Na kadi?"

"Kadi ni ile ile. Nani wa kukumbuka kadi?"

Meshack alichomoa kijiti cha oili. Kilikuwa kimekatwa kwa msumeno nchani ili kitoshee. Kijiti kilitoka kwenye injini moja, kadi ilizungumzia ya pili, na gari lilibeba ya tatu. Mtu mwingine angetia saba akaenda zake kunywa chai. Meshack alikwenda kwa afisa usafirishaji, Octavian, kumwomba gari lisimame mpaka Jumatatu.

Octavian alikuwa mtu wa makamo mwenye shahada, mashati mazuri, na kicheko cha karibu. "Fundi Meshack," alisema, "kadi inasema kumi. Wewe umeletwa kujaza, hukuletwa kufanya utafiti."

"Bosi, nikijaza kwa kukisia nitaliua."

"Haya, Jumatatu. Lakini Jumatatu iwe Jumatatu."

Muuza spea mmoja wa Majengo ndiye aliyemwambia kwamba injini ya namna ile, ikiwa ndani ya gari lake lenyewe la kuzaliwa, ataikuta Mtera kwa mtu anayeitwa Geofrey, mbeba samaki. Jumamosi Meshack alipanda basi la Iringa akiwa na ndoo yake, filta mpya na spana mbili, akashuka bwawani, akauliza mpaka akamkuta Geofrey akipakia perege kwenye gari lake la mizigo.

"Subiri kwanza," Geofrey alisema, akijifuta magamba mikononi. "Umetoka Dodoma, umepanda basi, umebeba ndoo, kuja kupima oili ya gari langu?"

"Ndiyo, kaka. Nitakumwagia ya zamani, nitakufungia filta mpya, kazi yangu hulipii. Nataka namba tu."

"Namba tu! Watu wa Dodoma mmekaa na wabunge mpaka mmeharibika." Lakini alikuwa akicheka, na oili yake ilikuwa imefikia muda wa kumwagwa, na filta ya bure haikataliwi. Akatoa dumu lake la oili mpya, akalisogeza gari mahali pa tambarare.

Meshack alimwaga ya zamani, akafunga, akaipimia mpya ndooni, akatia kidogo kidogo, akawasha, akazima, akasubiri, akapima kwa kijiti halali cha injini ile, akaongeza robo, akapima tena. Oili ilipogusa alama ya juu, ndooni ilikuwa imetoka lita saba kamili pamoja na ya kwenye filta.

"Saba," alisema kwa sauti, na uso wake ukawa wa mtu aliyepokea habari za mtoto kuzaliwa.

"Ungenipigia simu ningekwambia saba," Geofrey alisema.

"Ungeniambia umesikia saba. Mimi nimeiona."

Jumatatu alitia saba kwenye Mkonga, akachukua tupa, akachonga alama mpya kwenye kijiti kilichokatwa, akamwonyesha Optatus. "Hapa, mzee. Ikipita hapa ni hatari kama ikipungua. Injini hii ikizidishiwa, krenki inaipiga oili inakuwa povu. Inapanda kwenye njia ya hewa, injini inaivuta, inaila badala ya dizeli. Ikifika hapo, hata ukizima ufunguo haizimiki."

"Saba," Optatus alirudia, kama anayekabidhiwa siri. "Miaka kumi na moja naendesha, wewe ndiye wa kwanza kuniambia gari langu linakunywa nini."

Zilibaki lita tatu. Meshack alifunga dumu, akalipeleka stoo kwa Joha, mtunza stoo, mama mwenye sauti ya upole na kalamu iliyochomekwa kwenye ushungi.

"Hii nini, fundi?"

"Oili iliyobaki, dada Joha. Lita tatu."

Joha alilitazama dumu kana kwamba ndani yake mna nyoka. "Haibaki," alisema.

"Imebaki."

"Miaka kumi na moja haijawahi kubaki. Ije ikubakie wewe?"

"Basi nipe fomu niandike nimerudisha."

"Ya kutoa ninayo. Ya kurudisha haijawahi kuchapwa." Joha alichungulia nje, akashusha sauti. "Kaka yangu, beba nyumbani. Uza, pakaa bawaba za milango, fanya utakavyo. Hiyo ni haki ya fundi. Lita moja ya fundi, moja ya hapa, moja inapanda juu. Ndivyo ilivyokuwa siku zote, na gari halijawahi kulalamika."

Meshack alibaki amesimama na dumu mkononi. Gari halijawahi kulalamika. Bila shaka! Wale mafundi wanne waliopita walijua. Walipewa kumi, wakatia saba, wakagawana tatu, wakaandika kumi. Wizi wao ndio uliokuwa umeiweka injini hai. Na tazama uchungu wenyewe ulivyo: katika chuo chenye wasomi, ofisi na mihuri, ukweli wa injini ile ulijulikana na kila aliyeiba, na haukuandikwa popote, kwa sababu kuuandika kungekuwa kuungama. Ilibidi mtu mwaminifu apande basi mpaka Mtera kutafuta namba ambayo wezi walikuwa nayo mfukoni.

Aliliacha dumu mlangoni mwa stoo akaondoka. Kabla ya saa sita Octavian alimwita.

"Kaa, fundi. Soda?" Octavian alifunga mlango mwenyewe. "Nasikia umegundua jambo. Hongera, nasema kwa moyo. Sasa nisikilize. Ukibadilisha kadi kutoka kumi kwenda saba, mtu atauliza: tangu lini? Akishaambiwa tangu lini, atazidisha. Mtu akianza kuzidisha hapa, hataishia kwenye Mkonga."

"Mimi sikuiba, bosi."

"Nani kasema? Nasema hivi: tia unavyojua wewe, kadi iseme inavyosema yenyewe. Lile dumu litajua njia yake. Tunaelewana?"

Meshack aliifikiria barua. Aliliona jokofu la jirani walikokuwa wakiomba nafasi ya kuweka dawa za Loisi, na mara ngapi nafasi ile ilikuwa tupu. "Tunaelewana, bosi," alisema. Akashika kalamu, akatia saini mbele ya namba kumi.

Hiyo ndiyo ilikuwa saini yake ya kwanza ya uongo, naye aliihesabu kuwa ndogo. Injini ilikuwa na saba. Chuma hakisomi kadi. Alijiambia kwamba kazi ya fundi ni gari, na karatasi ni ya wenye karatasi. Mkonga lilikwenda Busi na kurudi mara tano bila neno, na kila liliporudi Optatus alileta kitu, mara asali, mara kuku aliyefungwa miguu, na kumwambia, "Wa tano hatumziki."

Mwezi wa tatu wa majaribio ulipokaribia kwisha, akaja mkaguzi. Alikuwa kijana nadhifu kutoka nje ya mkoa, mwenye miwani na kompyuta ndogo, na alitaka kuona kazi kwa macho yake. Asubuhi ya siku ya pili alisema angependa kusimama pale gari moja likihudumiwa, kisha asafiri nalo akaone kliniki ya kijijini. Akachagua lililo zee kuliko yote.

Octavian alimfuata Meshack karakanani kabla mkaguzi hajamaliza chai. "Leo zinaingia zote kumi."

"Bosi, litakufa."

"Lini? Saa hii?"

"Sijui lini. Likipata mlima."

"Litarudi jioni, utazimwaga hizo tatu. Ni siku moja tu, Meshack. Kijana ana kadi mkononi yenye saini zako za kumi. Ukitia saba leo, hizo saini ni za nani?" Akamshika bega, taratibu, kama ndugu. "Barua yako imeshachapwa. Ipo mezani kwangu, imebaki saini ya mkuu."

Basi Meshack alitia. Wapo watakaosema angekataa, na mimi ningekuwa wa kwanza kusema hivyo, mimi ambaye sijawahi kulala kando ya mtu anayetetemeka kwa kukosa dawa. Dumu la kwanza liliingia lote. La pili lilipofika katikati, mkono wake ulisimama wenyewe.

"Kuna tatizo?" mkaguzi aliuliza. Alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwake, kalamu tayari.

Hapo palikuwa na mlango, na ulikuwa wazi kabisa. Neno moja lilitosha.

"Hakuna," Meshack alisema.

"Zote kumi zinaingia?"

"Zinaingia." Injini haina mdomo wa kukataa. Akainamisha dumu mpaka likamaliza kutoa sauti, mkaguzi akaandika.

Alikuwa na mpango: akisogeza gari nyuma ya karakana kwa dakika kumi, atafungua bolti. Lakini wauguzi walikuwa wameshapakia sanduku la chanjo, na mkaguzi alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, amefunga mkanda. Optatus alikuja mbio akitafuna kipande cha chapati, akapanda, akawasha. Meshack akasogea mpaka dirishani kwake.

"Mzee," alisema.

"Sema, fundi."

Mkaguzi aligeuka kumtazama. Kule barazani Octavian naye alikuwa akitazama.

"Nenda taratibu."

"Lini nimekwenda mbio?" Optatus alicheka, akaachia klachi, wakaondoka.

Meshack alikwenda kukaa nyuma ya karakana na simu yake. Aliandika: *Mzee simama popote umwage lita tatu.* Akaisoma. Maneno ya mdomo hupotea hewani. Haya yangebaki kwenye simu ya mtu, na mtu huyo alikuwa amekaa ubavuni mwa mkaguzi. Akafuta herufi moja moja mpaka kioo kikabaki cheupe.

Mkonga lilikwenda vizuri kwenye lami yote. Baada ya kuacha lami, kwenye mpando wa kuingia Busi, injini ilianza kupiga kelele peke yake. Optatus aliondoa mguu kwenye pedali, kelele ikazidi. Alizima ufunguo, haikuzimika. Moshi mzito ulitanda nyuma mpaka wauguzi hawakuonana. Aliingiza gia kubwa, akakanyaga breki kwa miguu miwili ili aibane injini ife, na mtu mwingine asingefanya zaidi. Lakini oili ilikuwa imeshafika kwenye klachi, ikateleza. Kisha ukaja mlio mmoja, na kipande cha chuma kikatokea ubavuni mwa injini.

Hakuna aliyeumia. Sanduku la chanjo lilikaa kwenye jua mpaka barafu ikawa maji ya vuguvugu. Na Busi, kina mama waliokuwa wamekaa na watoto mgongoni tangu asubuhi walingoja mpaka vivuli vikageuka, wakarudi nyumbani. Kliniki haikuenda tena mwezi ule wala uliofuata, kwa kuwa gari jingine la kupanda milima ile hawakuwa nalo.

Ijumaa Meshack alipewa barua yake. Loisi aliisoma mara tatu akiwa amesimama, akaomba kalamu ya kujaza fomu ya bima siku hiyo hiyo.

Jumatatu ililetwa fomu ya ajali. Mkaguzi alikuwa ameshaandika sehemu yake: alishuhudia kwa macho gari likitiwa oili kamili kwa mujibu wa kadi, hivyo huduma haikuwa na kasoro, na chanzo ni dereva kuzidisha mwendo wa injini mlimani. Alikuwa amekaa kiti cha mbele, ameona miguu ya mzee ikiwa juu ya breki, lakini aliandika alichokielewa, na alichokielewa ni kadi. Optatus alikuwa amesimamishwa kazi tangu Alhamisi, na kiinua mgongo chake kimezuiliwa mpaka shauri liishe. Chini kulikuwa na nafasi tupu: *Maelezo ya fundi.*

"Andika sentensi moja," Octavian alisema. "Andika unakubaliana."

Meshack aliandika tatu. *Injini hii inabeba lita saba. Nilitia kumi. Nilikuwa najua.*

Octavian alisoma, kisha akasoma tena. Kwa mara ya kwanza hakikusikika kicheko hata kidogo. "Unajua umejifanya nini?"

"Najua, bosi."

"Unadhani umemwokoa mzee? Hii karatasi haitatoka humu ndani. Umejizika tu mwenyewe."

Na alikuwa anasema kweli, ndicho kinachokera kuliko yote. Karatasi ile haikuonekana tena. Aliitwa fundi kutoka gereji nyingine, akaandika ile sentensi moja. Mkaguzi, alipopigiwa simu na Meshack, alisema ripoti yake imeshawasilishwa na hakuna utaratibu wa kuirudia, kisha akakata. Barua ya ajira ilifutwa kwa maelezo kwamba fundi amekiri uzembe wakati wa majaribio. Hapo, kwa ajili ya kumfukuza, maneno yake yalikumbukwa vizuri sana. Fomu ya bima ilirudishwa ikiwa na mstari mwekundu. Optatus alifutwa kazi mwaka mmoja kabla ya kustaafu. Octavian yupo. Kadi ipo pia, imefungwa kwenye jalada, inasema kumi.

Loisi hakumlaumu mumewe. Aliuliza tu, "Ungeandika mapema ingekuwaje?"

Wiki mbili baadaye Meshack alisikia kwamba Optatus yuko Majengo, anatafuta usafiri wa kurudisha vyombo vyake Kondoa. Alimkuta kando ya maduka ya nafaka, amekaa juu ya godoro lililokunjwa, na kapu la kuku miguuni. Alikuwa na kofia yake ile ile ya sufi.

"Shikamoo, mzee."

Optatus hakuitika. Mpakia magunia aliyekuwa karibu aligeuka kutazama, maana salamu ile haiachwi chini.

"Niliandika, mzee," Meshack alisema. "Niliandika saba. Niliandika kwamba nilitia kumi, na kwamba nilijua. Wameificha."

"Nimesikia."

"Nilitaka usikie kwangu."

Optatus alifunga vizuri kamba ya kapu, ambayo haikuwa imefunguka.

"Ile alama uliyonichongea," alisema bila hasira, na ndiyo maana maneno yake yalikuwa magumu kuyasikia. "Nilikuwa naitazama kila asubuhi. Nafungua boneti, nachomoa, nafuta, nachovya, natazama. Hata siku ya kwenda sokoni tu. Wauguzi walinicheka, wakasema nampima mtoto homa."

"Najua, mzee."

"Siku ile sikupima."

Mzee aliendelea mwenyewe.

"Nilikuwa nimechelewa, na mgeni ameshakaa. Nikasema, ya nini kupima? Amehudumia Meshack."

Lori la magunia lilisimama mbele yao, dereva akapiga honi kuuliza nani wa Kondoa. Optatus akanyanyuka. Meshack aliinama haraka kushika upande mmoja wa godoro amsaidie, lakini mzee aliligeuza, akalibeba peke yake.